Cheche: Shaka la Wanafunzi na Majibu Yake



Neno shaka halina sifa njema kati yetu. Mtu akisikia kwamba fulani ana shaka, mara adhani kwamba huyo ameiacha njia, au ameanza kumchukia mkubwa wake. Lakini wazee wetu walijua vingine. Walisema: Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kuna shaka la mvivu, asiyetaka kusadiki kwa sababu hataki kutenda. Kuna pia shaka la mtu wa kazi, anayeuliza kwa sababu ameyashika maneno kwa bidii na ataka kuyaona yakitimia. Ukimwambia wa kwanza, "Shamba letu litazaa," atacheka na kulala. Ukimwambia wa pili, atakuuliza, "Mbegu iko wapi?"

Leo nataka kusimulia habari ya shaka la namna hiyo ya pili. Liliandikwa katika gazeti dogo la wanafunzi huko Dar es Salaam, Tanzania, katika miaka ya 1969 na 1970. Gazeti lenyewe liliitwa Cheche. Lilidumu mwaka mmoja tu, lakini swali lililoulizwa humo laulizwa hata leo katika nchi nyingi za Afrika, na nchi yetu ya Congo haimo nje. Nitaeleza pia, kwa maneno machache, namna wanafunzi wa kwetu walivyouliza katika miaka ya jirani na ile, na majibu waliyoyapata.

Gazeti la wanafunzi ni kitu gani?

Gazeti la mji hutafuta wanunuzi. Gazeti la serikali hutafuta watiifu. Gazeti la wanafunzi ni jambo jingine. Watengenezaji wake ni vijana wasio na mshahara, na mitambo mikubwa ya kupigia chapa hawana. Zamani zile walitumia stensili, yaani karatasi nyembamba iliyopakwa nta. Waliitia katika mashine ya kuandikia, na kila herufi ikaikwaruza nta. Halafu waliifunga stensili juu ya mtungi wa wino wa mashine nyingine, wakazungusha mpini, na kila mzunguko ukatoa ukurasa mmoja. Mwishoni walizipanga karatasi mezani, wakazunguka meza wakiziokota moja moja, wakazibana kwa pini. Kazi hii mara nyingi ilikuwa kazi ya usiku, baada ya masomo.

Gazeti la namna hiyo halipendezi macho. Hapa wino umezidi, pale umefifia. Walakini lina nguvu zake mbili. Kwanza, halina tajiri wa kumwogopa, maana gharama yake ni ndogo. Pili, mwandishi na wasomaji wake hulala nyumba moja na kula meza moja. Akiandika jambo lisilo na msingi, hatangoja barua kutoka mbali. Kesho yake asubuhi ataulizwa mbele ya uji wake. Ndiyo maana anayetaka kujua watu wa zamani fulani walikuwa na mashaka gani, asisome hotuba za wakubwa peke yake. Asome pia magazeti ya vyuo.

Tena kuuliza chuoni si desturi ya jana. Katika karne ya 13, Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha katika chuo kikuu cha Paris. Atazamaye kitabu chake kikubwa, Summa, ataona kwamba kila fundisho laanza na maneno ya wapinzani. Kwanza huandikwa sababu za kukana, moja, mbili, tatu, na kwa nguvu zake zote. Ndipo mwalimu hujibu. Seminarini sisi tulifundishwa kwamba asiyeweza kueleza vema shaka la mwenzake, hawezi kulijibu. Kanuni hii itatufaa tuendeleapo.

Chuo cha mlimani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwezi wa oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika. Kilikuwa na somo moja tu, somo la sheria, na wanafunzi wake hawakufika 20. Walikaa katika jengo la chama cha TANU, kwenye mtaa ambao leo una jina la mtoto wa Congo, Lumumba. Mwaka 1964 chuo kikahamia nje ya mji, juu ya kilima. Tangu siku hizo watu hukiita Mlimani.

Serikali ya Rais Julius Nyerere ilikuwa maskini, na chuo kiligharimu mali nyingi. Wakulima wa pamba, wa kahawa na wa katani ndio waliolipa. Kwa hiyo serikali iliuliza: je, vijana hawa watairudishia nchi kitu gani? Mwaka 1966 ikatoa amri kwamba kila amalizaye masomo ya juu aitumikie nchi kwa muda wa miaka miwili katika Jeshi la Kujenga Taifa. Katika sehemu kubwa ya muda huo angepata 40 kwa mia tu ya mshahara wake.

Wanafunzi walikataa. Tarehe 22 oktoba 1966 waliandamana mpaka Ikulu, wengine wamevaa majoho yao ya chuo. Walibeba vibao vyenye maneno makali. Kibao kimoja kilidai kwamba hata siku za ukoloni zilikuwa bora. Maneno hayo yalimchoma Rais moyoni. Siku ileile akawafukuza wanafunzi zaidi ya 300, warudi kwa wazazi wao. Lakini, ndugu wasomaji, tuangalie jambo hili. Hakuwaadhibu vijana tu. Alisema kwamba kweli mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, akapunguza wake mwenyewe kwa 20 kwa mia. Kwa hiyo lawama yao moja ilimgusa, ijapokuwa iliandikwa kwa ufidhuli. Mwaka uliofuata wengi wao walirudishwa chuoni.

Miezi michache baadaye, tarehe 5 februari 1967, lilitangazwa Azimio la Arusha. Azimio lilisema kwamba Tanzania itajenga ujamaa na kujitegemea. Mabenki yakawa mali ya taifa, pamoja na makampuni makubwa ya biashara, na serikali ikachukua sehemu katika viwanda vingi. Kiongozi akakatazwa kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni, na kupangisha nyumba. Nchi nzima ilishangilia. Watu walitembea kwa miguu siku nyingi kuliunga mkono Azimio.

Vijana wa Cheche

Mwaka uleule wa 1967 baadhi ya wanafunzi wa Mlimani walianzisha chama chao cha mapinduzi ya Afrika, ambacho kifupi chake kwa Kiingereza kilikuwa USARF. Hawakuwa wa nchi moja. Walikuwamo Watanzania, Waganda, Wakenya, Wamalawi na wengine. Mwenyekiti wao wa kwanza alikuwa kijana wa Uganda, Yoweri Museveni. Walifanya madarasa yao siku ya dominika, wakasoma vitabu vya Marx, vya Lenin na vya Frantz Fanon. Mwaka 1968 Museveni na wenzake wachache walikwenda kaskazini mwa Msumbiji, kuona kwa macho nchi iliyokombolewa na wapiganaji wa FRELIMO. Kati ya walimu walikuwa na rafiki mkubwa, Walter Rodney, mwana-historia kutoka Guyana, mjukuu wa watu waliochukuliwa utumwani.

Mwezi wa novemba 1969, chama hicho pamoja na tawi la vijana wa TANU pale chuoni wakatoa namba ya kwanza ya Cheche. Watengenezaji wake walikuwa Karim Hirji, aliyesoma hesabu, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Jina walilichagua kwa makusudi. Lenin alikuwa na gazeti lililoitwa hivyo kwa Kirusi tangu mwaka 1900, na Kwame Nkrumah wa Ghana naye alikuwa na lake lenye jina hilo kwa Kiingereza. Cheche ni kitu kidogo, lakini nyasi zikiwa kavu, hakuna ajuaye mwisho wake.

Basi vijana hawa walikuwa na shaka gani? Tusikosee hapa. Hawakuwa kama wale wa 1966. Wale wa 1966 waliona ujamaa wawadai mno. Hawa wa 1969 waliona ujamaa wadai kidogo mno! Walilipenda Azimio la Arusha, walilishika neno kwa neno, na kwa sababu hiyo wakaanza kuuliza kama lilitendwa kweli. Wengine walijiuliza hata juu yao wenyewe. Museveni aliandika katika Cheche ya mwaka 1970 habari ya miaka yake mitatu Tanzania. Alieleza kwamba alikuja akitumaini kukuta chuo cha wanamapinduzi, akakuta wanafunzi wengi wakiwaza starehe na vyeo kama wanafunzi wa mahali pengine popote.

Swali la Shivji

Maneno makali kuliko yote yalitoka mwezi wa septemba 1970, katika namba ya pekee ya Cheche. Namba nzima ilikuwa ya mwandishi mmoja, Issa Shivji, mzaliwa wa Kilosa, kijana wa miaka 24 aliyekuwa amemaliza masomo ya sheria. Kichwa cha maandiko yake kwa Kiswahili twaweza kukisema hivi: Tanzania, mapambano ya matabaka yasiyo na kelele.

Nitajaribu kulieleza shaka lake kwa haki, kwa nguvu zake, kama tulivyofundishwa.

Serikali, alisema, imechukua mabenki na viwanda. Vema. Lakini kuandikwa mwenye mali ni jambo moja, na kuitawala mali ni jambo jingine. Katika viwanda vingi serikali ilishirikiana na makampuni yaleyale ya kigeni ya zamani. Kampuni ya kigeni ilibaki na mkataba wa kuongoza kiwanda. Ililipwa kwa uongozi huo, ililipwa kwa ufundi wake, tena iliuza mashine na malighafi kwa bei yake. Basi faida ikaendelea kutoka nchini kwa mlango mwingine. Mkulima wa katani akabaki palepale: auza kwa bei iliyopangwa ng'ambo, anunua kwa bei iliyopangwa ng'ambo.

Halafu akauliza jambo la pili, lililouma zaidi. Kama mkoloni ameondoka na bepari amenyang'anywa, ni nani sasa aketiye katika kiti chao? Akajibu: ni wakubwa wa maofisi, wakurugenzi wa mashirika ya umma, watu wenye kalamu na motokari za serikali. Hawamiliki kiwanda kwa jina lao, lakini maisha yao yatoka humo. Watu hawa, alisema, wanaanza kuwa tabaka la peke yao, nao hawatapenda ujamaa ufike mbali hata uwaguse wao. Na mapambano kati yao na wafanya kazi na wakulima yameanza, ingawa hayasikiki bado.

Ndilo shaka lake. Msomaji wa Lubumbashi, wa Bukavu au wa Kisangani hahitaji maelezo zaidi. Nasi tuliyaona makampuni yakibadilishwa majina. Mwaka 1966 Serikali yetu ilitangaza kwamba mali ya Union Minière ni mali ya taifa, na mwaka 1967 ikazaliwa Gécamines. Lakini uongozi wa ufundi na uuzaji wa madini vilibaki kwa mkataba mikononi mwa Wabelgiji walewale. Kisha, tangu mwezi wa novemba 1973, maduka na mashamba ya wageni yaligawiwa raia, na wengi waliopewa walikuwa wakubwa na marafiki wa wakubwa. Swali lililoandikwa kwa stensili huko Mlimani lingeweza kuandikwa kwetu bila kubadilisha hata sentensi moja.

Maneno ya Shivji hayakuachwa hivi hivi. Walimu walimjibu kwa kalamu: Rodney mwenyewe, Tamás Szentes wa Hungaria, John Saul wa Kanada. Mmoja alimwambia kwamba ameweka mkazo mno juu ya adui wa ndani kuliko adui wa nje. Mwingine alimsahihisha katika hesabu ya mawazo. Baadaye maandiko yake na majibu yao yalikusanywa katika kitabu kimoja. Huko ndiko kuheshimiana kwa watu wa elimu: kusoma kwanza, kujibu baadaye.

Amri ya novemba 1970

Lakini jibu la serikali lilikuwa la namna nyingine. Mwezi wa novemba 1970 Cheche ikapigwa marufuku, na chama cha USARF kikavunjwa pamoja nayo. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili. Jina la Cheche, walisema, lakumbusha gazeti la Warusi, na Tanzania yajenga ujamaa wake yenyewe, haihitaji ujamaa wa kuazima. Tena chama cha USARF hakina kazi, kwa sababu chuoni pana tawi la vijana wa TANU.

Vijana walitoa karatasi za mwisho kujibu. Walitii amri, lakini walisema wazi kwamba hawakuona kosa lao. Na tawi la vijana wa TANU likaanzisha gazeti jingine mwaka 1971. Safari hii walichagua jina ambalo hakuna awezaye kusema kwamba limetoka Urusi: MajiMaji, kwa ukumbusho wa vita vya mababu dhidi ya Wadachi, miaka ya 1905 hadi 1907. Waandishi walikuwa karibu walewale, na maswali yalikuwa yaleyale. Hapo twaona ya kwamba amri yaweza kufuta jina la gazeti, lakini haiwezi kulijibu swali.

Inafaa tuseme pia kwa upande wa serikali, tusije tukawa mahakimu wa upande mmoja. Nchi ilikuwa changa. Mwaka 1964 askari wake walikuwa wameasi. Kusini, Wareno walipigana vita Msumbiji, na tarehe 3 februari 1969 kiongozi wa FRELIMO, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu palepale Dar es Salaam. Katika nchi nyingi za Afrika askari walikuwa wamewaangusha marais. Mwezi wa desemba 1969 Rodney alipotoa hotuba juu ya kuziangusha kwa nguvu serikali za Afrika zinazotumikia mabeberu, gazeti la chama, The Nationalist, lilimkemea vikali. Mgeni aliyekaribishwa, lilisema, asiitumie nyumba ya mwenyeji kutangaza vita kwa majirani. Hofu hiyo haikuwa ya bure.

Vijana nao walikuwa na upungufu wao. Gazeti lao lilikuwa na jina la Kiswahili, lakini maneno yake karibu yote yalikuwa ya Kiingereza. Walimtetea mkulima katika lugha asiyoijua. Mkulima wa Sukuma au wa Newala hangeweza kusoma ukurasa mmoja wa yale yaliyoandikwa kwa ajili yake. Hii ni hatari ya wasomi wote, na sisi tusomao Kifaransa tusicheke.

Nani alikuwa na haki?

Miezi mitatu tu baada ya amri ile, mwezi wa februari 1971, chama cha TANU kilitoa Mwongozo wake. Katika kifungu cha 15, Mwongozo uliwakataza viongozi kuwa na majivuno, kupenda anasa, kuwadharau na kuwaonea watu. Wafanya kazi wa viwandani waliushika Mwongozo huo, na katika miaka iliyofuata wakagoma mara nyingi dhidi ya wakubwa wenye kiburi. Sisemi kwamba TANU ilinakili kutoka Cheche. Nasema tu kwamba ugonjwa ulioandikwa na vijana ulikuwako, maana chama chenyewe kilitafuta dawa yake.

Tena mwaka 1977 Mwalimu Nyerere aliandika kitabu kidogo juu ya miaka kumi ya Azimio la Arusha. Humo alikiri bila kuficha kwamba Tanzania bado si nchi ya ujamaa, wala haijajitegemea. Ni marais wachache walioandika hivyo juu ya kazi ya mikono yao wenyewe. Lakini wasomaji, hesabuni miaka. Kutoka septemba 1970 mpaka 1977 ni miaka saba. Katika miaka hiyo watu kwa mamilioni walihamishwa vijijini, wengine kwa nguvu, na mashirika ya umma yakaongezeka. Kama shaka la vijana lingaliachwa liandikwe na kubishaniwa mbele ya watu, pengine baadhi ya makosa yangaliepukwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na jambo hili lasikitisha zaidi tukikumbuka kwamba Nyerere mwenyewe alianza kama wao. Mwaka 1943, alipokuwa mwanafunzi wa Makerere huko Uganda, aliandika barua kwa gazeti la Tanganyika Standard juu ya ujamaa wa Kiafrika. Naye alikuwa kijana mwenye swali na kalamu.

Majibu mengine, kwetu Congo

Nchini mwetu chuo kikuu cha kwanza kilikuwa Lovanium, kilichofunguliwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville, nacho pia juu ya kilima. Nitataja mambo mawili yaliyotokea huko.

La kwanza ni la tarehe 29 januari 1960. Katika idara ya teolojia palifanyika mabishano. Mwanafunzi mmoja padri, Tharcisse Tshibangu, mzaliwa wa Kipushi katika Katanga, alikuwa na shaka: je, elimu ya Mungu lazima ivae daima nguo za Ulaya? Je, haiwezekani teolojia yenye sura ya Kiafrika? Mkuu wa idara, Padri Alfred Vanneste, Mbelgiji, alikuwa na shaka upande wa pili: elimu ya kweli ni ya watu wote, kwa hiyo tutafute kwanza teolojia ya kweli. Mwanafunzi na mwalimu wake hawakupatana. Na wakubwa walifanya nini? Waliyapiga chapa maneno ya wote wawili mwaka uleule katika Revue du Clergé Africain, gazeti la mapadri, ili kila mtu asome na kupima. Mwaka 1969 Papa Paulo VI alisema mbele ya maaskofu huko Kampala kwamba Waafrika waweza, tena yawapasa, kuwa na ukristo wa Kiafrika. Mwanafunzi yule alikuwa Rekta wa Lovanium mwaka 1967 na askofu mwaka 1970. Mabishano yao yasomwa hata leo, na hakuna aliyedhurika kwayo.

La pili ni la tarehe 4 juni 1969. Wanafunzi wa Lovanium walitaka posho ya masomo iongezwe na sauti yao isikiwe katika uongozi wa chuo. Walitoka kuandamana mjini Kinshasa, na askari wakawapiga risasi. Wengi walikufa. Mwezi wa juni 1971, wenzao walipotaka kuwakumbuka marehemu, wanafunzi wa Lovanium wakatiwa jeshini kwa nguvu, na mwezi wa agosti vyuo vyote vikaunganishwa kuwa chuo kimoja chini ya mkono wa serikali.

Basi tumeona majibu matatu kwa shaka la vijana. Huko Lovanium mwaka 1960 walijibiwa kwa kalamu. Huko Dar es Salaam mwaka 1970 walijibiwa kwa amri. Huko Kinshasa mwaka 1969 walijibiwa kwa risasi. Kati ya hayo, moja tu limeacha elimu nyuma yake.

Walikokwenda watu wa Cheche

Msomaji atataka kujua mwisho wa vijana wale. Walter Rodney alitoa mwaka 1972 kitabu chake maarufu juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika; akauawa kwa bomu huko Georgetown, Guyana, tarehe 13 juni 1980. Zakia Meghji alikuwa waziri katika serikali ya Tanzania, hata Waziri wa Fedha. Karim Hirji alikuwa profesa wa takwimu za uganga, na baada ya miaka kama 40 aliandika kitabu kizima cha kumbukumbu za Cheche. Yoweri Museveni alishika urais wa Uganda mwaka 1986, na tangu hapo wanafunzi wa Makerere nao wameandamana mara nyingi mbele ya serikali yake. Ndivyo dunia inavyozunguka: muulizaji wa jana ndiye muulizwa wa leo, na jibu lake huonyesha kama alikumbuka ujana wake.

Na Issa Shivji? Alifundisha sheria Mlimani kwa miaka mingi mpaka alipostaafu mwaka 2006. Hakuacha kuuliza. Mwaka 2020, yeye pamoja na Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata walitoa vitabu vitatu vikubwa vya maisha ya Mwalimu Nyerere. Fikirini, ndugu wasomaji! Kijana ambaye gazeti lililobeba maandiko yake lilifungwa na serikali ya Nyerere, ndiye aliyetumia miaka ya uzee wake kukusanya na kuhifadhi habari za Nyerere. Je, huyo alikuwa adui? Adui hafanyi kazi ya namna hiyo. Aliyeuliza mwaka 1970 aliuliza kwa sababu alijali, na aliyejali ndiye aliyedumu. Wale waliopiga makofi kwa kila hotuba, vitabu vyao viko wapi?

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. Ninyi walimu, makatekista na wazazi, kijana akija na shaka, msimnyamazishe kwanza. Mwambieni alieleze vizuri, kwa sababu zake zote, halafu mjibuni. Kama jibu halipo, mwambieni kwamba halipo bado, mlitafute pamoja. Nanyi vijana mnaoandika, andikeni kwa lugha ambayo mama zenu waweza kuisoma, maana swali linalowahusu watu lisipowafikia watu hubaki maneno ya wachache.

Na kama katika makabati ya shule zenu, ya parokia au ya vyuo, kuna magazeti ya zamani ya wanafunzi, yenye wino uliofifia na pini zenye kutu, msiyatupe motoni wala msiyafungie karanga. Humo mna mashaka ya watu waliotutangulia, na baadhi yake bado yangoja jibu letu.